Kikombe cha Kijani cha Bahati

Yvette mwanangu, mama yangu,

Umetoka saa nane kwenda kusuka nywele kule Murara, na ile saloni ninaijua: wanaanza na habari za watu, kichwa kinafuata. Kwa hiyo nina muda wangu. Nimefunga mulango wa nje wa parseli, wateja nimewaambia maziwa yameisha, ingawa vibuyu viwili vimejaa, na nimekaa mezani na kaye yako ya zamani ya somo la chimie. Kurasa za nyuma zilikuwa bado safi, nimezichana. Usinigombeze.

Sitaandika juu ya koti wala juu ya baridi ya Ulaya. Hayo mashangazi zako wamekuambia tangu Jumapili, na kila mumoja ameongeza lake. Kesho tutavuka bariyeri ya Rwanda pamoja mpaka Gisenyi, utapanda basi ya Kigali, na pale mbele ya watu nitakuambia "ufike salama", basi. Unanijua. Kwa wateja mudomo wangu ni mwepesi, kwa mambo ya moyo unakuwa muzito. Lakini kuna jambo moja lazima ulijue kabla hujaingia kwenye ile labo yenye seli za mudogo wako. Ukilisoma unaweza kunikasirikia, na nitaona una haki.

Nianzie kwenye maziwa, juu bila maziwa sijui pa kuanzia. Kwetu Kalengera kila nyumba ilijulikana kwa ladha ya mashanza yake, maziwa yake ya kuganda. Nyogokuru wako, mama yangu mimi, alikuwa na kibuyu cha shingo ndefu ambacho hakikuwahi kukauka. Kila asubuhi alimimina, lakini chini aliacha kidogo, na juu ya kile kidogo aliongeza maziwa mapya. Kesho yake yote yameganda. Yeye mwenyewe alipewa na mama yake siku ya kuolewa. Maziwa ya kwanza kabisa yalitoka kwa ng'ombe gani, hakuna aliyejua tena.

Tulipokimbia vita wengine walibeba magodoro. Mimi nilikuwa na wewe mugongoni, na kifuani kile kibuyu nimekifunga na kitenge. Baba yako alinicheka njia nzima mpaka Kibumba. "Mama Yvette," alisema, "risasi zikitupata, watu watasema hawa walikufa wakilinda mashanza." Nilicheka na mimi. Tulikuwa vijana, tulikuwa na njaa, na pale kando ya barabara tulikunywa watatu kwenye kifuniko kimoja cha termosi, kila mutu kwa zamu yake. Wewe ulilamba kifuniko mpaka ndani. Picha ya ndoa yetu iko pale ukutani, lakini mimi nikitaka kumuona baba yako ninamuona pale, amekaa juu ya jiwe, anakusubiri umalize.

Bahati alizaliwa ukiwa na miaka minane, na ulimubeba kuliko mimi. Alipofika miezi sita, siku ya chanjo, homa ilipanda, na jioni akaanza kutetemeka upande mumoja, macho yamegeuka. Baba yako alipiga magoti. Wewe ulikimbia kuita majirani. Katika ile nyumba ni mimi peke yangu ambaye sikushangaa. Hilo uliweke akilini, nitalirudia.

Kisha ikawa kila homa. Kisha hata bila homa, hata maji ya kuoga yakiwa ya moto kidogo kupita kawaida. Na watu wetu unawajua: wanasema kifafa kinapita kwa mate. Mutu akianguka wote wanarudi nyuma, hakuna wa kumugusa mpaka povu likauke. Sasa fikiria mwanamuke muuza mashanza, na nyumbani ana mutoto anayetoka povu. Nani angekunywa? Nikamununulia Bahati kikombe chake, kile cha plastiki cha kijani, na sahani yake, na kijiko chake. Nikaviweka dirishani, mbali na vyombo vyetu. Na asubuhi wateja wakija, yeye alikuwa chumba cha nyuma, mulango umefungwa, nimemupa vizibo vya chupa achezee.

Unakumbuka alivyowajua wateja wote bila kuwahi kuwaona? Alisikiliza kupitia mulango, halafu anakuambia: "Huyu ni mama wa kikohozi. Huyu ni papa wa asante mbili." Kweli yule papa alikuwa anasema asante mara mbili, na mimi miaka yote nilikuwa sijasikia. Mpaka leo akija ninasubiri ile ya pili, na ikija ninageuka kidogo nisionekane uso.

Siku moja niliwakuta mumekaa chini, wewe na yeye, munakunywa kwenye kile kikombe, mara yeye, mara wewe, wote na masharubu meupe. Nilikupiga na mwiko. Ulikuwa na miaka kumi na mumoja. Hukulia, uliniuliza tu: "Mama, kwani yeye si wetu?" Nikakupiga tena, juu ya lile swali. Tangu siku hiyo ukimukaribia Bahati alikuwa anaficha kikombe nyuma ya mugongo, ili nisikupige tena. Mutoto wa miaka mitatu. Nilimuona akifanya hivyo na nikaendelea kuchuja maziwa.

Halafu tukamupata yule dokta wa watoto mwenye miwani, yule musikivu. Siku ya kwanza alituambia kifafa hakipiti kwa mate, wala kwa povu, wala kwa kikombe. Ulinitazama. Mimi nilitazama ukuta. Tuliporudi nyumbani nilitoa sahani na kijiko dirishani, nikavichanganya na vyetu. Kikombe Bahati alikataa kichanganywe, alisema ni chake, amekizoea. Ni wewe peke yako uliyekuwa unakinywea. Mimi hapana. Akili ilikuwa imekubali, mudomo ulikataa.

Lakini siku ile ile kulikuwa na kitu kingine. Dokta alichukua fishi, ile karatasi ya mugonjwa, akauliza: "Katika familia, kwa papa au kwa mama, kuna mutu mwenye kifafa? Au mutoto aliyekuwa anatetemeka akipata homa?" Baba yako akakuna kichwa, akamutaja mujomba wake mumoja, mulevi, aliyekuwa anaanguka njiani. Dokta akanigeukia mimi. Nikasema: "Kwetu hakuna." Nilisema haraka, hata hakumaliza swali vizuri. Akaandika.

Yvette, alikuwepo.

Nilikuwa na dada mukubwa, Vestine. Ni mama yako mukubwa, na jina lake hujawahi kulisikia mudomoni mwangu. Alikuwa mucheshi, alikuwa ananishinda kwa sura na kwa kuimba, na alikuwa anaanguka tangu utoto. Kwenye shavu alikuwa na kovu, siku moja aliangukia mafiga. Wageni wakija, hasa wale wa kuposa, tulimuingiza kwenye nyumba ya kupikia na kufunga. Siku watu wa baba yako walipokuja kuniposa, ni mimi niliyemufungia. Nilimupa mashanza kwenye chombo chake, juu na yeye alikuwa na chombo chake, nikamwambia: "Leo usiimbe." Hakuimba. Upande wa mbele watu wakanywa, wakacheka, wakapatana ng'ombe.

Miezi michache baada ya ndoa yangu alienda peke yake kuchota maji, akaanguka mutoni. Maji yenyewe yalikuwa ya magoti. Tulimuzika haraka bila kuita watu wa baba yako, mimi niliwaambia ninaenda kumusaidia mama kuvuna maharagwe. Na baada ya maziko mama yangu akanishika mukono: "Sasa umebaki wewe. Na wewe ulikuwa unatetemeka na kila homa mpaka ukafika miaka sita. Hiyo usiiseme kwa wakwe, hata siku moja." Sikuisema kwa wakwe. Sikuisema kwa baba yako. Dokta akauliza, na mimi nikawa bado ninamutii mama yangu, mimi mwanamuke muzima mwenye watoto wawili.

Sasa unajua kwa nini ile jioni ya chanjo sikushangaa. Na unajua kwa nini ukipata homa kidogo tu nilikuwa ninakuvua nguo na kukupangusa maji usiku kucha, na wewe unalia kwamba mimi ni mukali. Nilikuwa ninakusubiri utetemeke. Hukutetemeka. Nilimushukuru Mungu, halafu nikanyamaza tena.

Ninalolijutia kupita yote ni la baba yako. Kwa sababu ya yule mujomba mulevi, alichukua lawama nzima peke yake. Aliacha pombe, hata ile ya sikukuu. Akirudi na lori lake la viazi, kitu cha kwanza ni Bahati, hata mikono hajanawa. Siku moja Bahati alikuwa ameanguka mara nne, amelala amechoka, na baba yako amekaa kwenye ukingo wa kitanda anamwambia polepole: "Mwanangu, unisamehe. Hii ni damu yetu, mimi ndiye nimekuletea." Nilikuwa mulangoni na chujio mukononi. Maneno yalikuwa mengi, lakini lililotakiwa ni moja. Lingetoka, angelia, angenikasirikia wiki nzima, halafu angekuwa mutu huru. Nilirudi jikoni. Mwaka ule ule lori lilimuua kwenye kona ya Kibumba, na akaenda akiamini ni yeye. Mimi nimesamehewa mambo mengi na watu wengi, lakini kwa hilo aliyepaswa kunisamehe hayupo.

Hapo katikati, kabla baba yako hajafa, ndipo walipokata kale kapande ka ngozi kwenye mukono wa Bahati. Kadogo, punje ya muchele. Alikuwa na miaka saba, na alimuuliza dokta: "Mutanirudishia?" Dokta akamwambia hapana, lakini kataenda Ulaya na ndege. Bahati alifurahi wiki nzima, alikuwa anawaambia wote kwamba mukono wake umepanda ndege. Mimi nilitia sahihi bila kuelewa. Nilifikiri wanaenda kutafuta dawa warudi mwezi ujao.

Ni wewe uliyenielewesha, baada ya Bahati kutuacha. Ile asubuhi niliyomukuta amelala kifudifudi, baridi, na vizibo vyake bado mukononi, nilidhani Bahati ameisha. Halafu wewe, na masomo yako ya labo, ukaanza kuandikiana nao, na siku moja ukaja jikoni ukakaa kwenye bidoni ya maji. Ukaniambia zile seli za ngozi wamezirudisha utoto, zimekuwa kama kabla mutoto hajawa na mukono wala jicho, na kutoka hapo wanazifundisha kuwa seli za ubongo. Za Bahati mwenyewe. Kwamba kwenye sahani ndogo zinatuma umeme wao vibaya, kama kichwani mwake, na wanaweza kujaribu dawa juu yake bila kumuumiza mutoto yeyote. Nikauliza zinaishije miaka yote hii. Ukasema zikijaa wanachukua kidogo, wanahamishia chombo kipya, wanaongeza chakula, na zingine wanazigandisha kwenye baridi kali kwa akiba.

Nikasema: "Kumbe ni mashanza."

Ulicheka mpaka machozi, ukasema: "Eh mama, ni mashanza kabisa." Ile ilikuwa mara ya kwanza tunacheka ndani ya nyumba tangu maziko. Ninaitunza ile siku.

Lakini mwezi uliopita ukaniomba damu. Ukasema kwenye seli za Bahati wameona gene moja imebadilika, ile ya mulango wa chumvi kwenye seli za ubongo, na wanataka kujua kama ilitoka kwa muzazi au ilianzia kwake. "Kwenye fishi wameandika kwenu hakuna," ukasema, "kwa hiyo wanadhani ilianzia kwake." Nilikuambia nina malaria. Wiki iliyofuata nikakuambia nimechoka. Hukusisitiza. Ulinitazama tu vile unavyonitazama tangu siku ya mwiko.

Usiku ule sikulala vizuri, na si kwa sababu ya sindano. Ulikuwa umesema neno lingine ukiwa unakunja nguo, hukujua limenichoma: kwamba kuna familia ambamo muzazi anabeba gene ile ile na haimusumbui sana, na mutoto inamuangusha, na hakuna anayejua vizuri kwa nini. Kwamba mutu kama huyo ana faida kubwa kwenu, juu seli zake na za mutoto zinaweza kuwekwa pamoja na kulinganishwa. Nilitaka kukuambia: mutu kama huyo anakunja soksi zako hapa. Labda kuna kitu ndani yangu kilinikinga, Yvette, na nilipomuzaa Bahati nilimupa ugonjwa na ile kinga nikabaki nayo. Nimejiuliza pia kama ningesema ukweli siku ya fishi, wangebadilisha dawa mapema, ile ya kwanza iliyokuwa inazidisha. Sijui. Pengine hakuna ambacho kingebadilika. Lakini baba yako angejua.

Nikuombe kitu kimoja cha kazi, ingawa wewe ndiye musomi. Ukikuta fishi imeandikwa "hakuna", uulize tena. Umuulize mama akiwa peke yake, mume wake ametoka, na mama mukwe wake ametoka. Umupe kiti na usishike bic ya kuandikia. Mutu akishika bic mbele yangu ninasema uongo, na ninadhani siko peke yangu.

Na wewe mwenyewe unaweza kuwa nayo. Utapima au hutapima, hiyo ni juu yako. Ila ukipata mwanaume wa kukuoa, umwambie jina la Vestine mapema, kabla ya ng'ombe. Akikimbia, mulango ni huo.

Leo muchana uliniuliza hii plasta kwenye mukono ni ya nini, nikakuambia niliungua na sufuria ya maziwa. Huo ulikuwa uongo wangu wa mwisho, niliuhitaji wa masaa machache tu. Asubuhi ulidhani niko sokoni. Nilikuwa lopitali kwa yule dokta mwenye miwani. Amezeeka, mvi zimejaa. Nikamwambia: "Dokta, niulize tena lile swali." Alitafuta fishi ya Bahati muda murefu, ikatoka na vumbi. Akauliza, neno kwa neno. Nikajibu: "Ndiyo. Dada yangu Vestine, alikufa mutoni. Na mimi." Akakata ile "hakuna" na musitari mumoja, akaandika juu yake. Nilimuomba aandike jina lake lote, si "mama mukubwa" wala "dada". Kisha nikakunja shati. Amechukua damu, na kapande ka ngozi, punje ya muchele, mukono ule ule wa kushoto. Amesema atawaandikia watu wa labo leo leo na kujua namna ya kukatuma. Nikamuuliza kama watanirudishia. Alinitazama, akakumbuka, akavua miwani.

Umeniambia kule labo kila mutu ana chombo chake, na hawachanganyi hata tone, wakikosea kazi yote inaharibika. Basi safari hii nitakuwa na chombo changu, na Bahati chake, kwenye kasha moja la joto. Hakuna atakayetufungia mulango. Siku utakayofika, ukiwaongezea chakula, umuanze yeye. Umwambie mama amekuja.

Sasa ni karibu saa kumi na moja, utakuwa unarudi na kichwa kinauma. Hii barua utaikuta juu ya valizi yako ya safari. Kile kikombe cha kijani si unakiona dirishani kila siku, na hatukisemi? Leo nimekishusha. Kiko mezani, nimekijaza mashanza ya kibuyu cha nyogokuru. Nimekunywa nusu, mudomo wangu umekigusa kwa mara ya kwanza. Nilikaa muda kabla ya kumeza.

Mimi niko uani ninaosha vibuyu. Usipoweza kunywa baada yangu, kiache pale pale, kesho nitakubebea valizi mpaka Gisenyi hivyo hivyo. Nusu iliyobaki ni yako.

Mama yako,
dada ya Vestine